Haidrojeni Iliyopasua Bomba la Pickering

Leo naweka programu kando nizungumzie metali. Sisi wa kuandika kodi tunaogopa sana ile hitilafu isiyoacha alama yoyote kwenye logi, na hiki kisa ni baba yao.

Tarehe 1 Agosti 1983, kinu namba 2 cha kituo cha nyuklia cha Pickering, karibu na Toronto huko Kanada, kilikuwa kinazalisha umeme kama kawaida. Ghafla, bomba moja kati ya 390 zinazobeba urani likapasuka. Ufa ulikuwa na urefu wa mita 2 hivi! Waendeshaji walikizima kinu salama, hata upozaji wa dharura haukuhitajika. Lakini wahandisi walishtuka, kwani waliamini bomba lingevuja kidogo kwanza, king'ora kilie, ndipo lipasuke. Hili halikuvuja.

Mhalifu alikuwa haidrojeni.

Tabia yake ya kujificha ndani ya metali ilijulikana zamani. Mwaka 1866 mkemia Mskoti Thomas Graham, akiwa London, alionyesha kwamba paladiamu humeza haidrojeni mara mamia ya ujazo wake yenyewe. Graham alifurahi mno, akadai kwamba haidrojeni nayo ni metali, akaibatiza hidrojeniamu. (Betri za kuchaji za nikeli na hidridi, zile za kamera, zinatumia tabia hiyo hiyo.)

Sasa zirkoniamu. Inapendwa katika vinu kwa sababu haili nyutroni ovyo na inastahimili maji ya moto. Inastahimili, si kwamba haiguswi. Polepole inachukua oksijeni ya maji na kujifunika ngozi ya oksaidi, na sehemu ya haidrojeni inayobaki inapenya ndani. Ikiwa moto, kwenye nyuzi 300 hivi, metali inaiyeyusha kiasi. Ikipoa, karibu yote inajitenga, kama sukari nyingi katika chai iliyopoa, na kuwa vipande vya hidridi vinavyovunjika kama chungu. Halafu haidrojeni haitulii mahali pamoja. Ndani ya metali inatembea, inaelekea kwenye baridi, na inaelekea pale metali inapovutwa.

Hilo la kuvutwa Pickering walikuwa wamelionja tayari. Mwaka 1974 mabomba ya kinu namba 3 yalipata nyufa karibu na viungo vya mwisho, mahali palipokazwa kupita kiasi wakati wa kuyafunga. Hidridi ilijikusanya kwenye ncha ya ufa, ikavunjika, ufa ukasogea, ikajikusanya tena... Ila yale yalivuja, yakagunduliwa, na naona hapo ndipo imani ya "litavuja kwanza" ilipopata nguvu.

Mwaka 1983 ilikuwa zamu ya baridi. Bomba la ndani hubeba maji mazito ya moto. La nje limezungukwa na maji mazito yaliyo baridi zaidi. Kati yake kuna pete za springi za kuyatenganisha. Pete zilihama. Bomba la ndani likalegea miaka kwa miaka hadi likagusa la nje. Pale lilipogusa pakawa na doa la baridi, na haidrojeni (kwa hakika deuteriamu, ndugu yake mzito kutoka kwenye maji hayo) ikamiminika huko kama nzi kwenye embe. Hidridi inahitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyoizaa, kwa hiyo pakatokea malengelenge. Malengelenge yakapasuka, nyufa zikaungana. Kwa nje kila kipimo kilisoma sawa, jameni.

Aloi ya mabomba hayo, Zircaloy-2, humeza haidrojeni zaidi kuliko zirkoniamu iliyochanganywa na niobiamu. Basi mabomba yote ya kinu kile yakang'olewa na kuwekwa ya niobiamu. Kinu kilirudi kazini 1988.

Kuna waliomwalika mhalifu huyu kwa makusudi. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, kilichowashwa 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, kilikuwa cha aina ya TRIGA, ambayo urani yake imechanganywa na hidridi ya zirkoniamu. Fueli ikipata joto ghafla, haidrojeni iliyomo inatikisika na kuzipa nyutroni kasi badala ya kuzipunguzia, na mmenyuko unafifia wenyewe katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla mtu hajagusa swichi.