Shimo la Mjerumani pale Endagikot

Kila mtu ana wazimu wake. Wapo wenye wazimu wa mpira, wapo wa njiwa, na wapo wanaoosha gari kila jioni hata kama halikutoka. Wa kwangu mimi ni wazimu wa vitu ambavyo wenyewe wameshavitupa. Nikitumwa kuripoti ziara ya mkubwa, wenzangu humkimbilia mkubwa na vinasa sauti vyao. Mimi utanikuta nimechutama mlangoni pa nyumba ya watu, nakagua jiwe la kusagia lililogeuzwa kuwa la kuzuia mlango usijifunge. Nyumbani nina vizibo vya vibuyu, njuga za ng'ombe na redio moja ya mbao iliyonyamaza siku nyingi. Mke wangu anaiita kona ile makumbusho ya panya.

Basi wazimu huo ndio ulionifikisha shimoni.

Nilikwenda Mbulu kwa msiba, upande wa Endagikot. Tulipokwisha kuzika, wanaume tukakaa kwenye nyasi tukingoja chakula, na macho yangu yakatua kwenye mteremko wa jirani. Palikuwa na bonde dogo lililokatwa ndani ya kilima, pana kiasi cha chumba cha darasa, na ndani yake vijana wanne walikuwa wakitokwa jasho kwa sururu na beleshi. Nikawasogelea. Wakaniamkia kwa adabu zote, nikaitikia, nikauliza wanachimba nini.

"Mali ya Mjerumani, mzee."

Uvumi huo mnaujua, maana haupo Mbulu peke yake. Nchi nzima kuna watu wanaoamini kwamba Wajerumani, walipokuwa wakikimbia Waingereza kwenye vita ile ya kwanza, walifukia dhahabu na rupia zao chini ya miti na mawe, wakaondoka na ramani. Vijana wale walikuwa na hoja. Shimo limechimbwa kwa ustadi, kuta zake zimenyooka, na mwaka 1916 Mjerumani aliondolewa sehemu hizi kwa haraka. Nani mwingine angechimba hivyo?

Nikarudi kwa wazee nikamuuliza mmoja wao, mtu wa miaka themanini na ushei. Alicheka mpaka akakohoa. "Mjerumani gani? Hapo alizaliwa mama yangu."

Naam. Ilikuwa nyumba.

Sisi Wairaqw, ambao ninyi wa mjini mmezoea kutuita Wambulu, tulikuwa tunajenga kwa kuchimba. Unachagua mteremko, unaukata kama anayekata mkate, hivyo ukuta wa nyuma na sehemu ya zile za ubavuni ni kilima chenyewe. Unasimamisha nguzo nene, juu yake boriti, juu ya boriti fito na majani, kisha udongo, unashindiliwa. Paa linakwenda sambamba na ardhi ya nyuma na nyasi zinaota juu yake. Anayetoka upande wa juu anaweza kutembea mpaka katikati ya paa la mtu bila kujua. Mlango ni mmoja, mfupi, na ng'ombe na mbuzi wanapita huo huo, maana usiku wanalala ndani na wenye nyumba.

Simulizi ya kawaida ni kwamba nyumba hizi zilikuwa za kujificha. Katika karne ya 19 Wairaqw walikuwa wamebanwa kwenye milima ya Irqwa Da'aw, huko Kainam, Wamasai upande mmoja na Wadatoga upande mwingine, na wote wawili walipenda ng'ombe. Mimi simulizi hiyo naikubali nusu. Moshi haufichiki, wala njia ya ng'ombe mia wanaorudi jioni. Lakini fikiria wewe ndiye mvamizi. Paa la udongo haliwaki moto. Kuta huwezi kuzibomoa, maana ni kilima. Kuna tundu moja la kuingilia, lazima uiname, na ndani ni giza na kuna mtu anakungoja na mkuki. Ukipanda juu ya paa, vishindo vyako vinasikika ndani. Kwa maoni yangu ile haikuwa maficho, ilikuwa ngome.

Sotoka ya miaka ya 1890 ilipowamaliza ng'ombe wa Wamasai, na utawala wa kigeni ulipoingia, Wairaqw walishuka kutoka Kainam wakaenea mpaka Karatu na Hanang. Hatari ilikwisha, lakini nyumba haikuachwa. Mbulu ni baridi, ndugu zangu, na joto la ng'ombe sita halilipiwi bili. Kilichoibomoa zaidi ni Operesheni Vijiji. Kati ya 1974 na 1976 watu walishushwa kutoka miteremkoni, wakapangwa kwenye mistari iliyonyooka, na kwenye mstari ulionyooka huwezi kuchimba kilima. Wapo waliorudi baadaye. Waliobaki walimalizwa na bati.

Na hapo kwenye bati ndipo mimi siwezi kuwacheka wale vijana. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa waliorudi mteremkoni. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa utangazaji, nikiwa na stashahada yangu na viatu vipya, niliona haya kwamba bibi wa mtangazaji analala ndani ya udongo. Nikanunua bati ishirini. Tukamjengea chumba na sebule pale chini barabarani, na boriti za nyumba ya zamani zikawa kuni za sherehe. Boriti zile zilikuwa nyeusi kwa moshi na ngumu kama chuma, hakuna mdudu aliyezigusa. Bibi alishukuru sana, akabariki. Kisha kila masika alilalamika kwamba mvua ikinyesha kwenye bati haisikii mtu akisema, na kila kipupwe alilalamika miguu.

Pale Kwihara, karibu na Tabora, kuna tembe ambalo David Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872. Limejengwa upya, ni makumbusho, na wageni wanafika. Sina ugomvi na Livingstone. Huko Karatu nako mkulima mmoja alijenga mwaka 1993, kwa mikono yake, nyumba ya Kiiraqw ya kuchimbwa ili vijana na wageni waione. Pale Endagikot hata kibao hakuna, na mjukuu wa mwenye nyumba ameshika sururu anamtafuta Mjerumani.

Nilimwomba yule mzee tukashuka naye shimoni. Akawaonyesha: hapa mlango, hapa ndama, hapa kitanda cha bibi yenu. Akapiga hatua saba kutoka ukutani, akaonyesha kwa fimbo, akasema chimba hapo. Wakachimba. Kina cha kiwiko tu, yakatoka mafiga matatu, bado yamekaa mkao wake, na majivu katikati.

Vijana waliyatazama kwa muda. Mmoja akauliza kama ni desturi kuficha kitu chini ya mafiga. Mzee akasema hapana. Tukaenda kula. Jua lilipokuwa linazama, wakati napanda gari kurudi mjini, nilimwona huyo huyo akishuka tena mteremkoni, beleshi begani.