UBALOZI WA NYUMBA KUMI NA SANDUKU LETU

Kikundi chetu kimetimiza miaka kumi. Habari za hisa na mikopo mtazisoma kurasa nyingine. Hapa tunaandika habari ya ubalozi wa nyumba kumi, maana mwaka 2022 nusura ituvunjie kikundi.

Tuanze tulikotoka. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Akina mama walikijaza watu, wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed, aliyepita kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam akiwahimiza wajiunge. Baada ya Uhuru wa 1961, katika miaka hiyo ya 1960, TANU ikapanga watu nyumba kumi kumi, kila kumi na kiongozi wake. Wengine humwita balozi, wengine mjumbe. TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, mpango ukaendelea.

Enzi hizo chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo balozi alikuwa chama, na serikali ni yeye huyo huyo. Mgeni akilala kwako, balozi ajue. Mke na mume wakigombana usiku, anagongewa balozi. Sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka shida ya sukari na sabuni. Balozi ndiye aliyejua nani ana watu wangapi nyumbani. Kwetu sisi mabalozi tuliowaona walikuwa wanaume. Lakini balozi akiwa kazini, nani alipokea wageni? Nani alisuluhisha wanaogombania maji? Mke wake. Kazi tulifanya, jina hatukuwa nalo.

Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Tangu hapo balozi ni kiongozi wa chama chake tu, na mtaa una mwenyekiti wake. Lakini mazoea hayafi siku moja, watu bado wanamwendea.

Basi, mwaka 2022 mweka hazina wetu akataka kugombea ubalozi. Mume wake akakataa, akasema mke wangu hawezi kugongewa mlango usiku. Tukaenda wanne kuzungumza naye, tukamwambia, shemeji, usiku utafungua wewe, kesi atasikiliza yeye. Akacheka, akakubali. Mwenzetu akachaguliwa, tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Shida ikaja baadaye. Mwenzetu alikuwa na madaftari mawili ndani ya mkoba mmoja, la kikundi na la ubalozi. Siku moja akaanza kutangaza mkutano wa chama kabla hatujafungua sanduku. Sisi viongozi tulisikia, tukanyamaza kwa kumwonea haya. Hilo ni kosa letu, si lake peke yake. Kikundi chetu kina watu wa vyama mbalimbali na wengine hawana chama. Wiki iliyofuata wanachama saba wakadai akiba zao. Walisema, jamani, tulikuja kuweka fedha, hatukuja kuhesabiwa.

Tukaitisha mkutano mkuu. Yalisemwa maneno makali, tusifiche. Mwishoni mwenzetu mwenyewe akasimama, akaweka funguo juu ya mkeka, akasema ubalozi anaupenda na kikundi anakipenda, ila mikono yake ni miwili tu. Akaacha uhazina, akabaki mwanachama. Tukaandika kwenye katiba yetu: kiongozi wa chama chochote hashiki funguo wala daftari, na siku ya kikao hakuna khanga wala kofia ya chama.

Wanne kati ya wale saba walirudi. Watatu hawakurudi, na mmoja wao ndiye aliyetufundisha kuandika hesabu tulipoanza. Tunamkumbuka kila tunapofunga mwezi. Kama anasoma kijitabu hiki, tunamwambia mkeka bado upo.

Mama anayetaka ubalozi agombee, tutamsindikiza. Ajue hakuna mshahara, kuna subira na kutunza siri za watu. Balozi wetu leo akisikia msiba hufika wa kwanza, wala haulizi marehemu alikuwa chama gani. Lakini aje kwenye kikao na daftari moja.

Umoja ni nguvu. Mungu akitujalia, tukutane miaka ishirini.