Ulinzi wa Nchi na Ustawi wa Watu: Funzo la Mbau



Tarafa ya Mbau imo katika wilaya ya Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Ni nchi ya mashamba ya muhogo, ya mikorosho na ya misitu mikubwa, na wakazi wake ni wa makabila ya pwani hiyo, Wamwani, Wamakonde na Wamakua. Kwa wengi wetu jina la Mbau lilianza kusikika mwezi Agosti 2021, pale majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji yalipoitwaa kutoka mikononi mwa waasi waliokuwa wameifanya misitu yake kuwa maficho yao. Askari aliyefuatilia habari zile analikumbuka jina hilo kuwa jina la mapambano. Katika mazungumzo haya tunataka kulitazama kwa upande mwingine, na kuuliza ni kitu gani huwafanya watu wa mahali wasimame pamoja na jeshi linalowalinda, na ni kitu gani huwafanya wakae pembeni.

Swali hilo limejibiwa kwa namna yake na mkondo mmoja wa siasa ambao haukuzaliwa kambini. Mwezi Januari 1980, katika mji wa Karlsruhe, Ujerumani ya Magharibi, kilianzishwa chama cha Kijani. Chama hicho kilijiwekea nguzo nne, nazo ni hifadhi ya mazingira, haki ya jamii, demokrasia inayotoka chini kwa wananchi wenyewe, na kukataa matumizi ya nguvu. Mwaka 2001 vyama vya aina hiyo kutoka sehemu nyingi za dunia vilikutana Canberra, Australia, vikakubaliana juu ya mkataba wa pamoja wenye misingi inayofanana na hiyo. Katika Afrika ya Mashariki mjumbe mkubwa wa fikra hizo alikuwa marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na mwaka 2003 akaanzisha chama cha Mazingira. Nchini Rwanda chama cha kijani kiliandikishwa mwaka 2013, na mwaka 2018 kikapata viti viwili bungeni. Msumbiji nayo imeviona vyama vya namna hiyo katika chaguzi zake, ingawa sauti yao haikupata nguvu.

Wanalolisema juu ya ustawi wa jamii ni jambo rahisi kulieleza. Afya ya mtoto, shule, kazi ya kijana na heshima ya mwanamke haviwezi kutenganishwa na ardhi, msitu na maji vinavyomlisha mwanakijiji. Na uamuzi juu ya vitu hivyo hauna budi kushirikisha watu wanaoishi navyo. Profesa Maathai, aliyepokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alitoa mfano wa kigoda cha Kiafrika chenye miguu mitatu. Mguu wa kwanza ni haki na demokrasia, wa pili ni matumizi mema ya mali asili, na wa tatu ni utamaduni wa amani. Ukivunjika mmoja, aliyekikalia huanguka.

Askari ana haki ya kuuliza: siasa hizi zinazokataa nguvu zinatuhusu nini sisi tulioapa kubeba silaha? Historia ya Cabo Delgado inalo jibu, na jibu hilo liliandikwa kabla ya chama cha Karlsruhe kuzaliwa.

Chini ya wakoloni wa Kireno, kigoda hicho hakikuwa na mguu hata mmoja. Hadi mwaka 1929 eneo lote la kaskazini lilikuwa chini ya Kampuni ya Nyassa, iliyotoza kodi na kuwakamata watu kwa kazi ya shokoa. Tangu mwaka 1938 serikali ya Ureno ilisimamia kilimo cha pamba kwa nguvu, na mkulima akalazimika kulima zao la kiwanda cha Mreno huku shamba lake la chakula likimezwa na magugu. Ulazima huo ulifutwa kisheria mwaka 1961 tu. Tarehe 16 Juni 1960, watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao walipigwa risasi mbele ya ofisi ya utawala. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo na wanahistoria, lakini hakuna anayebisha kwamba siku ile ilifunga mlango wa mazungumzo.

Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza za vita vya ukombozi zikalia Chai, si mbali na Mbau, ng'ambo ya kusini ya mto Messalo. Wapiganaji wale walikuwa wachache na silaha zao zilikuwa haba. Kilichowapa nguvu ni utaratibu wa maisha waliouanzisha katika maeneo yaliyokombolewa. Mpiganaji alilima pamoja na mwanakijiji. Shule zilifunguliwa chini ya miti, na vituo vya afya vikajengwa kwa miti na nyasi. Wananchi walibeba karanga, ufuta na korosho vichwani hadi ng'ambo ya Ruvuma, wakarudi na chumvi, nguo, sabuni na majembe ya kuuzwa katika maduka ya umma. Mwaka 1967 wanawake waliingizwa katika kikosi chao wenyewe, na Josina Machel, aliyeiongoza idara ya ustawi wa jamii hadi kifo chake mwaka 1971, alishughulikia malezi ya watoto walioachwa yatima na vita.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maeneo yale hayakuwa pepo. Njaa ilikuwapo, na adhabu kali zilikuwapo. Palikuwa pia na mgogoro mkubwa juu ya jambo hili hili la ustawi. Lázaro Nkavandame, ambaye mwaka 1957 alikuwa ameongoza ushirika wa wakulima wa pamba wa Kimakonde, sasa alikuwa kiongozi wa FRELIMO katika jimbo la Cabo Delgado. Wenzake walimshutumu kwamba anaigeuza biashara ya chumvi na nguo kuwa faida yake, na kwamba watu wanamlimia yeye. Mapema mwaka 1969 aliondolewa madarakani, kisha akajisalimisha kwa Wareno. Wareno walimtumia kuwashawishi Wamakonde waiache vita, lakini hakufuatwa na wengi kama walivyotarajia.

Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga aliendesha operesheni kubwa kuliko zote katika jimbo hilo, akiwa na ndege, mizinga na makumi ya maelfu ya askari. Aliteka kambi nyingi. Wakati huo huo watawala wa Kireno walikuwa wakiwakusanya wananchi katika vijiji vya ulinzi, mbali na mashamba na visima vyao, ili wapiganaji wakose chakula na habari. Jeshi lile lilishika barabara na ngome, lakini vita havikuisha, na tarehe 25 Juni 1975 bendera ya Ureno ikashushwa.

Hapa ndipo funzo la kwanza lilipo. Upande mmoja uliwahamisha watu kutoka kwenye ardhi yao kwa jina la usalama. Upande wa pili uliifanya ardhi hiyo, pamoja na shule na zahanati, kuwa sehemu ya usalama wenyewe.

Funzo la pili ni chungu zaidi. Baada ya uhuru, serikali mpya ilitangaza matibabu na elimu kwa wote, na kwa miaka michache ya mwanzo kazi kubwa ilifanyika. Lakini katika Cabo Delgado vijiji vingi vya ulinzi vilivyojengwa na Wareno viligeuzwa kuwa vijiji vya jumuiya, na wakulima wakabaki mbali na mashamba yao. Vita vya ndani vilivyoisha mwaka 1992 viliharibu shule na zahanati katika nchi nzima. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 ilitambua haki za kimila za wanavijiji na kutaka washauriwe kabla ya ardhi kutolewa, na baadaye sheria za misitu zikaagiza asilimia 20 ya ada zirudi kwa jumuiya za mahali. Kwenye karatasi, hizo ni sheria ambazo chama chochote cha kijani kingejivunia.

Utekelezaji ulikuwa dhaifu. Magogo yalitoka misituni kwenda ng'ambo, na vijiji vikabaki bila madawati. Mwaka 2009 rubi ziligunduliwa Montepuez, na mwaka 2010 gesi nyingi baharini mbele ya Palma. Familia zilizokuwa zikiishi rasi ya Afungi zilihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda, na miongoni mwao walikuwamo wavuvi waliosogezwa mbali na pwani waliyoizoea. Vijana wengi waliona utajiri ukipita mbele ya macho yao kama treni isiyo na kituo kwao.

Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia vilishambuliwa. Hakuna sababu moja ya vita hivyo. Walikuwapo wahubiri wa chuki waliovuka mipaka, na wauaji waliowakata vichwa wanavijiji na kuwateka wanawake na wasichana. Ukatili huo hauna udhuru wowote, wala umaskini hauwezi kuuhalalisha. Lakini mbegu mbaya nayo huhitaji udongo. Mwezi Agosti 2020 mji huo ulianguka, ukakaa mikononi mwa waasi mwaka mzima. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa, nasi tulio kaskazini ya Ruvuma tukajua kwamba moto wa jirani haukai kwa jirani. Kufikia mwisho wa mwaka 2021 mamia ya maelfu ya watu walikuwa wameyakimbia makazi yao.

Majeshi ya Rwanda yaliwasili mwezi Julai 2021, na yale ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, yalihudumu hadi mwaka 2024. Mocímboa da Praia ilikombolewa tarehe 8 Agosti 2021, na Mbau baadaye mwezi huo huo. Bila silaha na bila damu ya askari hao, hakuna mkulima ambaye angethubutu kurudi. Katika jambo hili siasa za kijani za kukataa nguvu hazikuwa na jibu la kutosha, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Hata hivyo, mashambulizi katika vijiji vya wilaya hiyo hayakukoma kwa kutwaliwa kwa Mbau. Adui aliyetoka katika kambi yake alirudi kwa makundi madogo, akitafuta chakula, habari na vijana wapya, yaani vitu vile vile ambavyo Jenerali wa Kireno alitaka kumnyima mpiganaji wa mwaka 1970.

Kwa hiyo ndugu zetu wa jeshi na polisi wanao wajibu ambao haumo katika mafunzo ya kulenga shabaha. Mwananchi anaporudi kijijini, jambo la kwanza analotazama ni shamba lake na mikorosho yake. Askari akiivuna mikorosho hiyo, amempa adui kijana mmoja. Mvuvi akizuiwa kuvua kwa sababu za usalama, aelezwe sababu na muda, na asitozwe chochote kizuizini. Mti wa msitu ukikatwa kwa biashara ya mkubwa fulani chini ya ulinzi wa bunduki, kijiji kizima huona, hata kama hakisemi. Na mwanamke anayekwenda kisimani alfajiri akiwa na hakika kwamba sare anayoiona mbele yake haitamdhuru, huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema kwamba jana usiku wageni walipita.

Wapiganaji wa mwaka 1964 walilijua jambo hilo, ndiyo maana walishika jembe pamoja na bunduki. Mbau ilikombolewa kwa msaada wa askari wa kigeni, lakini askari wa kigeni hawakai milele. Watakaobaki kuilinda ni watu wake, nao watailinda ikiwa ardhi, msitu na bahari vitakuwa mali yao kwa matendo kama vilivyo kwa sheria.