Hewa Haina Mlango

Leo twazungumza juu ya ruta, chombo kidogo kigawacho intaneti nyumbani pasipo waya. Kabla ya kununua, yafaa kujua historia yake.

Mwaka 1901 Marconi alipokea ishara ya redio iliyovuka bahari ya Atlantiki. Baadaye alidai kuwa hakuna awezaye kuingilia habari zake. Lakini Juni 1903, Profesa Fleming akihutubia watu London, chombo cha Marconi kikaanza kupokea maneno ya dhihaka. Aliyeyatuma ni Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe. Ndipo ilipojulikana ya kuwa kufika mbali ni jambo moja, na usalama ni jambo jingine.

Kosa hilo lilirudi. Wi-Fi ilitungiwa kanuni mwaka 1997, na ulinzi wake ukaitwa WEP. Mwaka 2001 wataalamu walionyesha jinsi unavyovunjwa. Ikafuata WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018.

Basi chagua hivi. Mawimbi ya 2.4 GHz hupenya kuta kuliko ya 5 GHz, ambayo huenda kasi zaidi. Ruta yenye yote mawili ni bora. Iweke juu, katikati ya nyumba. Tena iwe na WPA3, au angalau WPA2, na neno la siri la kiwandani ulibadilishe.

Hapa Pasua, mawimbi yafikayo jikoni kwako yaweza kufika sebuleni kwa jirani. Ukuta huyapunguza tu. Mlango ni neno la siri. Kwaherini.