Kidonge cha chai si dawa ya sukari

Kwa Kiswahili tukisema mtu "ana sukari", kila mtu anaelewa ni ugonjwa. Ndipo mkanganyiko unapoanzia. Hapa Stockholm, kwa wazazi wetu wengi nimekuta kikopo cha Suketter kando ya chupa ya chai, na wakubwa wanaviita vile vidonge "dawa ya sukari". Sio dawa. Ila kufanana na dawa kuna historia yake.

Mwaka 1879, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mkemia Constantin Fahlberg alikuwa akichunguza kemikali zinazotokana na lami ya makaa ya mawe. Akaenda kula bila kunawa vizuri, mkate ukawa mtamu ajabu. Akarudi maabara kutafuta utamu ule umetoka wapi. Ndiyo sakarini: inaizidi sukari kwa utamu mara 300 au zaidi, na mwili hauitumii kama chakula, inatoka kwenye mkojo kama ilivyoingia.

Wenye viwanda vya sukari hawakufurahi. Ujerumani, ambako sukari ya viazisukari ilikuwa biashara kubwa, sheria ya 1902 iliiondoa sakarini kwenye vyakula ikabaki maduka ya dawa tu. Uswisi haikuipiga marufuku, basi watu wakaivusha mpakani kwa magendo. Yaani iliwekwa kwenye duka la dawa ili kulinda soko la sukari, si kwa sababu inatibu! Vita Kuu ya Kwanza ilipofanya sukari iadimike, ikarudi mezani.

Aspateme, iliyomo kwenye soda nyingi za "light", iligunduliwa 1965, nayo kwa bahati: James Schlatter alilamba kidole.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri tusitegemee vitamu hivi kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Kwao kidonge kinaweza kuchukua nafasi ya kijiko cha sukari. Lakini hakishushi sukari iliyomo kwenye damu, na wali, chapati na mandazi bado vinaipandisha.

Kwa hiyo ukimsikia shangazi anasema ameacha metformini kwa kuwa "kidonge cha chai kinatosha", usinyamaze. Shikamoo kwanza, halafu mweleze, na mpigieni daktari wake pamoja.