Redio na GPS mashuani: Nafasi itafutwe kabla ya kununua

Majahazi na mashua zinazotia nanga katika Bandari ya Kale, kando ya Mji wa Kale wa Mombasa, ni za aina iliyobuniwa na mafundi ambao hawakuwazia nyaya wala betri. Kwa karne nyingi nahodha alitegemea nyota, dira na bildi ya kupimia kina. Leo mwenye chombo kidogo cha safari hutaka pia GPS, redio ya VHF na kipima-kina cha umeme. Tatizo lake si bei pekee, bali ni mahali pa kuviweka.

Antena

Mawimbi ya VHF husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo hukatizwa na mviringo wa dunia. Antena iliyo mita 4 juu ya maji hufikia upeo wa kilomita 8 hivi. Ikiinuliwa hadi mita 9, upeo huwa kilomita 12. Umbali huo huongezeka iwapo antena ya anayesikiliza nayo iko juu.

Kwa hesabu hiyo, kilele cha mlingoti ndipo mahali bora. Hata hivyo, katika chombo cha tanga la pembetatu, foromali huzungushwa mbele ya mlingoti tanga linapogeuzwa, na kamba ya kulitwekea hupita papo hapo kileleni. Antena isiyokingwa huvunjika au waya wake hukatika. Wengine huona heri nguzo imara upande wa tezi, japo upeo hupungua.

Dira

Spika ya redio ina sumaku, na sumaku hupotosha dira. Kifaa chenye spika kinafaa kuwa umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwa dira. Kabla ya kukifunga kwa skrubu, kishikiliwe mahali palipokusudiwa, kiwashwe na kuzimwa, huku dira ikitazamwa. Ikisogea, pahali hapo hapafai.

Betri

Wahenga walisema, tezi na omo marejeo ni ngamani. Maji yote yanayoingia chomboni huishia huko. Betri, kwa uzito wake, hutakiwa chini na katikati ili chombo kisiyumbe, lakini isiwekwe ndani ya ngama. Ijengewe jukwaa juu ya ngama, ifungwe isihame, na ipate hewa, kwani betri ya risasi na asidi hutoa gesi inayoweza kulipuka inapochajiwa.

Aidha, redio ya wati 25 hutumia takriban ampea 5 inapotuma sauti, ilhali inaposikiliza hutumia kidogo sana. Waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu ya umeme njiani. Redio ya namna hiyo itasikika vyema bandarini, kisha izimike pale nahodha anapoomba msaada.

Kipima-kina

Katika boti ya faiba isiyo na tabaka la povu, kihisio cha kipima-kina kinaweza kugandishwa ndani ya sakafu. Mbao hazipitishi vyema mawimbi hayo ya sauti. Kwa hiyo hutobolewa tundu, au kihisio hufungwa nje, kwenye ubao wa tezi, mbali na povu la rafadha. Wakati mwafaka wa kazi hiyo ni chombo kikiwa kimepwelewa kwa ukarabati. Mombasa, maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Kuokolewa

Mpangilio huu una maana kubwa siku ya dhiki. Redio nyingi za kisasa zina kitufe chekundu kinachotuma wito wa hatari pamoja na nambari ya chombo yenye tarakimu 9. Za Kenya huanza na 634. Lakini redio haijui iliko hadi iunganishwe na GPS. Bila hivyo, wito hufika bila kutaja mahali, na Kituo cha Kanda cha Kuratibu Uokoaji Baharini kilichofunguliwa Mombasa mwaka 2006 hulazimika kutafuta eneo pana.

Kwa sababu hiyo, redio na GPS zikae karibu, pakavu, mahali ambapo mkono wa nahodha unafika bila kuacha usukani. Redio ndogo ya mkononi, iliyochajiwa na kufungwa katika mfuko usiopenya maji, iwe akiba. Chaneli ya dharura ni 16.