Nyumba ya Viberiti: Mary Norton na Watu wa Chini ya Sakafu

Mwaka 1952 Waingereza walikuwa bado wanaishi kwa mgao. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha miaka 7 nyuma, lakini nyama na sukari zilipatikana kwa kitabu cha mgao, na mgao wa chakula haukufutwa kabisa hadi Julai 1954. Katika mwaka huo wa 1952 Mary Norton alichapisha kitabu cha watoto kinachoitwa The Borrowers, yaani Waazimaji. Ni hadithi ya baba, mama na binti wenye kimo cha penseli hivi, wanaoishi chini ya sakafu ya nyumba kubwa ya mashambani. Kila walicho nacho kimeshuka kutoka kwa watu wakubwa wa juu. Kitabu kilipata Nishani ya Carnegie, tuzo inayoheshimika sana Uingereza kwa vitabu vya watoto.

Mimi nilikisoma nikiwa mtu mzima tayari, nikitegemea vichekesho. Kilichonikamata ni samani.

Hebu tuingie ndani kidogo. Ukutani kumebandikwa vipande vya barua za zamani zilizookotwa kwenye kapu la taka, mwandiko ukiwa umegeuzwa ili mistari isimame wima kama urembo. Picha zilizotundikwa ni stempu zenye sura ya Malkia Victoria. Kabati la droo ni maboksi ya kiberiti yaliyounganishwa. Meza ya duara ni kitako cha kikopo cha vidonge, na mguu wake umetoka kwenye kete ya sataranji, ile ya farasi. Kichwa cha farasi mwenyewe hakikutupwa, kimesimamishwa pembeni kama sanamu. Chumba cha binti, Arrietty, kimejengwa kwa maboksi mawili ya sigara nene, kwa hiyo akilala anatazama wanawake waliochorwa na kampuni ya tumbaku kwenye dari lake. Baba yake, Pod, ni fundi viatu. Anashona buti kwa ngozi ya glovu kuukuu, na akitaka kupanda pazia anatumia pini iliyofungwa utepe.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba hakuna kitu hapo kilichobadilishwa hadi kisitambulike. Stempu bado ni stempu. Kiberiti bado ni kiberiti. Kilichobadilika ni jicho linalokitazama na mahitaji ya mwenye jicho.

Jicho lenyewe lina historia. Norton alizaliwa London mwaka 1903 na kukulia Leighton Buzzard, mji mdogo wa Bedfordshire, kwenye nyumba ambayo wengi wanaamini ndiyo iliyo kitabuni. Alikuwa haoni mbali. Wenzake wakionyeshana ndege angani, yeye alikuwa ameinama kwenye ua wa majani, akiangalia yaliyo karibu na pua yake: mizizi, kokoto, wadudu. Huko akaanza kujiuliza maisha yangekuwaje kwa kiumbe mwenye umbo la mtu na kimo cha kidole, ambaye kwake tone la mvua ni ndoo na paka ni simba.

Ukubwani michezo ile ilimtoka kichwani. Akawa mwigizaji, akaolewa, akaishi Ureno, akazaa watoto wanne. Wakati wa vita alikuwa New York akifanya kazi kwenye ofisi ya ununuzi ya serikali ya Uingereza, na huko ndiko uandishi wake ulikoanzia. Miaka mingi baadaye, katika barua kwa rafiki, alieleza kilichowarudisha wale watu wadogo. Ilikuwa ni miaka ile dunia ilipokuwa inaelekea kwenye vita, alipoona kwamba sasa kuna wanaume na wanawake halisi wanaolazimika kuishi kama viumbe aliowabuni utotoni. Fikiria Ulaya ya miaka hiyo: watu waliojificha kwenye dari na nyuma ya kuta, wanaotembea kwa kunyata, wanaonyamaza mlango ukigongwa. Hofu kuu ya familia ya Arrietty ni kuonekana. Mtu mkubwa akikuona, unahama, kwisha habari.

Sasa, nyumba za vitu vidogo hazikuanza na Norton. Lakini zile zilizosifiwa kabla yake zilikuwa za namna nyingine. Mfano mzuri ni nyumba ya mwanasesere ya Malkia Mary, iliyobuniwa na msanifu Edwin Lutyens na kujengwa kati ya 1921 na 1924. Kila kitu ndani ni sehemu moja ya 12 ya ukubwa wa kawaida. Ina umeme, maji ya bomba, lifti zinazofanya kazi, na maktaba ya vitabu vidogo ambavyo baadhi yake viliandikwa kwa mkono na waandishi wakubwa wa siku hizo, Arthur Conan Doyle akiwemo. Mwaka 1924 ilionyeshwa Wembley, kwenye maonyesho ya Dola ya Uingereza, ambako Afrika Mashariki nayo ilikuwa na banda lake. Leo iko kwenye kasri la Windsor. Ni kazi ya mafundi wa hali ya juu, sibishi. Lakini haina mtu. Hakuna aliyewahi kuogopa, kugombana au kupika uji ndani yake.

Beatrix Potter aliliona tatizo hili mapema. Katika kitabu chake cha 1904 kuhusu panya wawili watundu, panya hao wanaingia kwenye nyumba ya mwanasesere na kukuta meza imeandaliwa vizuri. Wanajaribu kukata nyama, haikatiki. Chakula chote ni plasta iliyopakwa rangi. Wanakasirika na kuvunja vyombo, kisha wanabeba vile vinavyofaa kwa maisha: mto wa manyoya na kitanda cha mtoto. Mwenye njaa akiingia ndani, ndipo nyumba ya maonyesho inapoumbuka.

Wasomaji wa kwanza wa Norton hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo. Tangu 1943 serikali yao ilikuwa imewahimiza kukarabati cha zamani badala ya kununua kipya: pazia likawa gauni, blanketi likawa koti. Kuanzia 1942 hata samani zilitengenezwa kwa mitindo michache iliyoidhinishwa na serikali, na kwa muda ziliuzwa kwa vibali tu, kwa wanandoa wapya na waliobomolewa nyumba na mabomu. Mpango huo ulifungwa rasmi mwaka uleule wa 1952. Kwa hiyo mzazi aliyekuwa akimsomea mtoto wake habari za kabati la viberiti alikuwa, kwa namna fulani, akisoma habari zake.

Ndiyo maana anguko la familia ile linanigusa. Wengi tungedhani watamalizwa na njaa, au na paka. Sivyo. Wanamalizwa na zawadi. Kuna mvulana aliyeletwa kutoka India kupumzika baada ya kuugua. Anamwona Arrietty, wanakuwa marafiki, naye binti anamsomea vitabu kwa sababu kusoma kunamsumbua mvulana. Kwa wema wake anaanza kuwaletea samani za nyumba ya mwanasesere: viti halisi, vitanda halisi. Homily, mama yake Arrietty, analewa raha. Kila kikija kimoja anataka kingine. Mvulana anahamia kwenye kabati la mapambo ya thamani, na vitu vya kabati hilo vinahesabiwa. Msimamizi wa nyumba anagundua, ubao wa sakafu unafunuliwa, na mkamata panya anaitwa aje na moshi wake.

Kete moja ya sataranji ilipopotea, kulizuka kizaazaa huko juu, lakini makazi ya chini yalibaki. Walipopokea nyumba nzima iliyokwisha tengenezwa, walipoteza makazi.

Norton alirudia hoja hii. Katika vitabu vilivyofuata familia inaishi ndani ya buti kuukuu (1955), kisha ndani ya birika (1959). Katika kile cha 1961 wanafika kwenye kijiji cha maonyesho chenye nyumba zinazolingana na kimo chao, na bibi mmoja mwema anawapambia moja hadi kuwawekea umeme. Mwisho wa yote Pod anaamua waondoke. Studio Ghibli ya Japani nayo iliipata hoja hiyo katika filamu ya Arrietty ya 2010. Mvulana anang'oa jiko la familia na kupachika jiko zuri la nyumba ya mwanasesere. Nia yake ni njema kabisa. Lakini tunaliona tukio kutokea chini, pale Homily alipo, na linaonekana kama tetemeko la ardhi.

Na je, ni kuazima au ni wizi? Kiswahili kinatofautisha. Ukikopa unga unarudisha unga mwingine. Ukiazima kisu unarudisha kisu kilekile. Pod harudishi chochote, kwa hiyo kwa sheria za juu ni mwizi tu. Yeye anaona kwamba nyumba iliyojaa vitu visivyohesabiwa inadaiwa na wale wanaoishi chini yake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ya Pod ilisitiri miaka mingi, mpaka pale alipoanza kuvalishwa na wengine.

Kazi yangu ya uandishi wa habari imenifikisha mara kadhaa mahali palipobomolewa asubuhi hiyo hiyo. Taarifa za wakubwa huwa zinataja vibanda na takataka. Ukisimama pale unaona vingine: bango la matangazo lililokuwa paa, kreti ya soda iliyokuwa kiti, kopo la maziwa lililofanywa koroboi. Mama mmoja nilimkuta anakusanya misumari kutoka kwenye mbao zake, mmoja mmoja, akiinyoosha kwa jiwe. Nilimuuliza swali la kijinga, kama imebaki hasara kiasi gani. Akanijibu, "Mwanangu, hii siyo hasara. Hii ni nyumba, naihamisha."

Nilirudi ofisini nikaandika idadi ya vibanda, kama nilivyotumwa. Misumari haikuingia kwenye habari. Norton angeanza na misumari.